Kwani yanavujia wapi?

Maneno matatu tu, na tangu Jumapili hayajanitoka kichwani.

Mnakumbuka tangi langu la furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kile kichwa cha kutolea maji ndani yake nilichotaka kizunguke chenyewe ili maji yafike kila kona. Bomba la mwanzo lilikuwa linapiga upande mmoja tu. Kona ya nyuma uchafu unalala, samaki wamejibana kwingine. Nikachukua tii ya nusu inchi, kile kipande cha bomba chenye midomo mitatu, nikaipa mikono miwili na elbo mbili (kona za bomba) zilizopeana mgongo: maji yakitoka huku yanausukuma mkono kule, kama yale mabomba ya kumwagilia nyasi. Kazi ikawa kwenye kiungo cha tii na bomba. Nikilegeza, kinavuja. Nikikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, hakivuji wala hakizunguki. Wiki tatu! Nilijaribu hadi mafuta ya kula (msithubutu, yalitanda juu kama mchuzi).

Jumapili baba mkwe akashuka na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Tukiwa mezani nikamweleza yote.

"Sasa shida iko wapi, mkwe?"

"Maji yanavuja hapa kwenye kiungo, baba."

"Hicho kiungo si kiko ndani ya maji?"

"Kiko ndani."

Akaendelea kuchambua miiba. "Kwani yanavujia wapi?"

Mama Neema alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mimi nikajibu kitu kuhusu presha. Presha! Namwambia mtu aliyezeeka akichota maji kwenye mtumbwi, anayejua tundu lipi la kukimbilia na lipi la kuliacha.

Jumanne usiku, nimetoka kazini Igoma, nikang'oa mpira wote. Nikaacha kiungo kicheze, nikaweka duara la shanga za Neema kati ya tii na ukingo wa bomba ili plastiki zisisuguane. Kiligoma. Kikatikisika. Kikaanza, taratibu, kinavuja kama kichujio cha chai na kinazunguka. Dume mmoja akakifukuza duru mbili, akachoka. Uchafu wa kona ukainuka kama moshi. Nilikaa pale hadi saa saba.

Asubuhi nikampigia mzee. "Haya," akasema, akaulizia bei ya sukari huku mjini.

Ila Jumapili ile mezani alikiacha kichwa cha sato. Hakukigusa kabisa. Miaka kumi na moja nakula naye, sijawahi kuona kichwa kikibaki kwenye sahani yake. Mama Neema anasema labda alishiba.