Jinsi nilivyoishinda ndago kwenye kunde za mbuzi

Shamba langu la Kisauni ni kijisehemu tu, nimewapandia mbuzi kunde. Msimu uliopita ndago ilizimeza zote. Nilipalilia kwa jembe kila Jumamosi; ikifika Jumatano imeshachomoza tena kama ndevu zilizonyolewa. Nikaifunika kwa nailoni nyeusi, ikaitoboa!

Mavyaa wangu ndiye aliyenifungua macho. Alichimba kwa jembe la meno, akanionyesha vijiazi vyeusi vimeshikana kama shanga kwenye uzi. Jembe langu lilikuwa likikata uzi tu, na kila kijiazi kinaota peke yake. Kumbe muda wote huo nilikuwa naipanda mwenyewe.

Basi Februari, kaskazi inavuma na jua linachoma, nikaifukua yote, nikaviacha vijiazi juani hadi vikasinyaa. Baada ya wiki mbili nikarudia, kisha tena. Mgongo wangu unakumbuka. Masika ilipoingia nikapanda kunde zinazotambaa, nikazibananisha, maana ndago haipendi kivuli. Inayochungulia naing'oa kwa mkono, udongo ukiwa bado na maji, nivute na kijiazi chake.