Ule mstari mweupe, nimeukamata

Hatimaye! Chapa 6 mfululizo, pembetatu za buluu zimegusana na nyekundu kote, bila ule mstari mweupe ulioninyima usingizi wiki 3.

Vibao ni vilevile viwili vya lino (tandiko laini linalochongeka), kimoja cha nyekundu, kimoja cha buluu, karatasi sentimita 30 kwa 40. Ukichapa samaki, milimita moja ikipotea hakuna atakayejua. Kwenye pembetatu zinazobanana inakukodolea macho.

Nilianza kwa kulaumu fremu ya mbao, ambayo kona yake hunipangia karatasi na kibao mahali palepale kila rangi. Nikamrudia fundi wa mbao pale Kibuye anikatie kona mpya, nyuzi 90 kamili. Mstari upo. Nikalaumu mkono wangu, nikachonga upya kibao cha buluu siku mbili hadi vidole vikatoka malengelenge. Upo! Tena una maringo: pale kwenye kona ya fremu rangi zinakutana vizuri, halafu kadiri unavyosogea mbali buluu inahama kidogo kidogo, hadi ukingoni imepanda juu ya nyekundu upande mmoja na kuacha weupe wa milimita 1 na nusu upande wa pili.

Jumapili nikazitandaza chapa zote 8 zilizoharibika sakafuni. Tano zilikuwa zimehama kwa upana, tatu kwa urefu. Nikakaa kitako. Zile tatu nilizikata karatasi ikiwa imegeuzwa ubavu, kwa ubahili tu, nisitupe mabaki.

Kumbe ni mlalo wa nyuzi za karatasi! Uzi ukinywa unyevu hunenepa kuliko unavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka zaidi kwa kukatisha nyuzi. Nyekundu niliichapa jioni, mvua ikimwagika kutoka ziwani na dirisha liko wazi. Buluu nikaichapa siku nne baadaye, saa nane mchana, jua la Kisumu mnalijua. Karatasi ilikuwa imeshakauka na kusinyaa, nami namtukana fundi wa watu.

Sasa kila karatasi ina mshale wa penseli nyuma kuonyesha nyuzi zimelala wapi. Nazitundika chumbani siku nzima kabla ya kuchapa, dirisha limefungwa, na siku ya mvua sigusi kitu. Kuhamia wino wa maji, unaokauka upesi, ili nichape rangi zote siku moja? Nilijaribu. Kwa joto hili unakauka kwenye rola kabla haujafika kwenye kibao.

Halafu kile kisugulio cha kukandamiza karatasi juu ya kibao nilichoagiza kwa bei ya mbuzi kimeenda kabatini. Mgongo wa mwiko wa ugali, ukipigwa msasa laini, unakandamiza hadi kwenye ncha za pembetatu bila kuchubua karatasi. Shangazi bado anautafuta mwiko wake.

Ile rangi ya tatu, njano, niliyoahidi kuongeza isubiri. Kwenye mabaki ya lino nimekata mraba wa sentimita 5, nikauchonga nusu kwa mshazari. Ukiuzungusha una mikao 4; ukipiga minne pamoja, mipangilio ni 256. Padri Mfaransa, Sébastien Truchet, aliandika juu ya mchezo huuhuu wa vigae mwaka 1704, mimi nimeufikia kwa kukataa kutupa takataka. Nimeshachapa 31, kamba ya nguo imejaa.

Na ndiyo, pale katikati miraba minne inapokutana, tayari kuna kitone cheupe.