Watumishi wa Mungu, tafadhali laleni

Nimekaa na mume wangu mchungaji kwa nyumba hapa Kisumu miaka mingi na kuna kitu nataka kuambia watumishi wote wa upande wetu huu, Kisumu, Vihiga, Kakamega hadi Busia, pamoja na washirika wenye wanawaita kila mahali. Mwili wa mhubiri unachoka kama wa mtu mwingine yeyote.

Angalieni tu wikendi yake. Ijumaa ni kesha mpaka alfajiri, Jumamosi asubuhi anapanda matatu kwenda matanga Luanda ama Yala, huko anakaa kwa tenti akingoja maanake lazima kila mtu aongee, jamaa waongee, chama kiongee, mheshimiwa na wenzake waongee, maiki inamfikia mchungaji saa nane jua likichoma na watu wameanza kusimama, sasa inabidi apaze sauti ndio wamsikize. Anarudi usiku. Jumapili ana ibada mbili, jioni kuna mgonjwa wa kuombewa, na Jumatatu simu zinaanza kabla hajaoga.

Sauti ndio huniuma zaidi. Mwanaume akiongea tu kawaida, kamba za sauti kwa koo zinagongana kama mara mia moja kwa sekunde, sasa fikiria saa mbili za kupiga kelele, kila wiki. Zinaweza kuota vinundu, sauti inabaki ya kukwaruza, na watu wanashangilia ati ni upako kumbe mtu ameumia. Wazee wa kanisa, kabla hamjanunua kinanda kipya nunueni monita, ile spika inaangalia mhubiri, kwa sababu mtu asipojisikia anaongeza sauti bila kujua hata kama spika za nje ziko sawa. Anywe maji kidogo kidogo tangu asubuhi, asingoje mpaka akauke akiwa mimbarini. Asijikohoze kila saa kusafisha koo, ameze maji. Sauti ikienda anyamaze kabisa, kunong'ona hakupumzishi koo. Na ikikaa wiki 3 ama 4 bado inakwaruza aonwe na daktari wa koo.

Halafu chakula. Sisi Waluhya mgeni akija kuku lazima achinjwe, na mchungaji akitembelea nyumba tatu ni kuku na ugali mara tatu na chai ya sukari kila mahali, na kukataa ni kudharau wenyewe. Mimi hupiga simu mapema, "Mama, leo tuwekee kunde na maji tu, kuku tutakuja kumla siku ingine," na hakuna mtu amewahi kukasirika. Presha pia apimwe hata kama hasikii vibaya, maana mara nyingi haiumi mahali popote, na ikirudi 140/90 ama zaidi siku tofauti tofauti asiseme ni uchovu tu. Mwenye sukari anayetumia dawa asianze kufunga kabla hajaongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka hadi aanguke mbele ya watu.

Najua kuna wenye wanaona kupumzika ni kukosa imani. Wanapenda kusimulia vile George Whitefield, mhubiri Mwingereza wa zamani, alihubiri nje siku moja akiwa mgonjwa na kesho yake asubuhi akafa, mwaka wa 1770, ana miaka 55. Mimi nampenda sana yule mtumishi lakini sitaki mume wangu amwige hapo. Mhubiri mwenzake John Wesley ndiye alihubiri mahubiri ya kumkumbuka Whitefield kule London, na Wesley aliyekuwa akilala mapema ndio aamke saa kumi alfajiri akaendelea na kazi hadi miaka 87. Na nabii Eliya pale chini ya mti wa mretemu akitaka kufa, malaika hakumkemea hata kidogo, alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo akatembea siku 40 hadi mlima Horebu.

Kwetu tulikaa na wazee tukapanga. Kwa kesha mchungaji anafungua neno, saa tano usiku ako kitandani, vijana wanaendelea na maombi. Matanga zikiwa mbili Jumamosi moja, mzee anaenda moja. Kwa programu ya matanga tunaomba neno liwe kabla ya wanasiasa, na familia nyingi wanakubali wakiulizwa mapema. Jumatatu simu yake inakaa na mzee wa zamu, na kama si kifo ama hospitali, inangoja Jumanne.