Yairo Aliposubirishwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Marko 5:21-43. Wengi tumelisikia tangu shule ya Jumapili, kwa hiyo naomba tukae kidogo mahali ambapo huwa tunapita haraka: njiani, Yairo akiwa anasubiri.

Yairo ni mkuu wa sinagogi, mtu wa kupishwa njia. Leo kaanguka miguuni pa Yesu mbele za watu, maana bintiye wa miaka 12 yuko taabani nyumbani. Yesu anakubali, wanaondoka, umati unawasonga. Mara Yesu anasimama. Anauliza nani kamgusa.

Ni mama mmoja ambaye Marko hamtaji hata jina. Ametokwa damu miaka 12, umri ule ule wa binti wa Yairo. Mali yake yote imeishia kwa matabibu na hali imezidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya Walawi 15 alihesabiwa najisi, hata kitanda alicholalia. Alipoligusa vazi la Yesu alipona papo hapo, kwa hiyo Yesu angeweza kuendelea na safari na mama akaenda zake kimyakimya. Lakini anamsubiri ajitokeze. Mama anamweleza "kweli yote", na kweli yote ya miaka 12 haisimuliki upesi. Kisha Yesu anamwita "Binti", watu wote wakisikia.

Yairo yupo, anatazama. Biblia haisemi kama alinung'unika. Mimi ningenung'unika. Na kabla Yesu hajamaliza kusema na yule mama, watu wanafika kutoka nyumbani: mtoto amekwisha kufa.

Kuimba kwamba Mungu hana upendeleo ni rahisi. Shughuli inakuja siku faraja inapomwendea kwanza mtu tuliyemweka mwisho. Tazameni misiba yetu. Akifiwa mzee mwenye nafasi, wachungaji wanajaa, kwaya mbili zinaimba, maturubai yanaziba njia. Akifiwa mama muuza mchicha, aliyepanga chumba kimoja, anatumwa mwinjilisti, sala fupi, basi. Hakuna kikao kilichopitisha hivyo. Tumezoea tu.

Hata hivyo Yesu hamsubirishi Yairo ili kumkomoa kwa ukubwa wake. "Usiogope, amini tu," anamwambia, na anakwenda naye mpaka nyumbani, anawatoa nje waliokuwa wakimcheka, anamshika mtoto mkono. Alichopewa yule mama hakikupunguza chochote kwenye fungu la Yairo. Mtoto anasimama, anatembea, na Yesu anakumbuka hata kuagiza apewe chakula.

Wazee wa kanisa, wiki hii tupitie majina ya waliofiwa tangu Pasaka, mtaa kwa mtaa. Ipo nyumba ambayo matanga yalianuliwa na hakuna aliyerudi kubisha hodi? Tupeane taarifa kabla ya Jumapili, ili tupange nani aende.