Askari wawili, bila majina

Mama amelala. Ni saa nane mchana, jua la Tanga limeshika bati, naye kalala fofofo, mlango wazi. Mimi niliyemwona akikesha na simu kaifunga kwenye pindo la kanga, najua thamani ya usingizi huu.

Kaka yangu ni askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania. Alikuwa mashariki ya Kongo, kwenye kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilichoanza kuingia kule Desemba 2023: Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi. Akipata mtandao alikuwa akipiga, dakika mbili au tatu: "Mama, nimekula, nimelala." Alipo hasemi, nasi tukajifunza kutouliza.

Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji wa Goma, kulekule mashariki ya Kongo. Simu yake ikawa haipatikani. Siku chache baadaye jeshi likatangaza kwamba askari wetu wawili wamefariki. Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Redio ya jirani ndiyo iliyosema. Majina hayakutajwa, na ndivyo inavyopasa, wenyewe waambiwe kwanza. Lakini ukiwa na mtu wako kule, huo uwili unaujaza wewe mwenyewe. Mmoja ni wako, tena wa pili ni wako vilevile.

Wifi akaja na watoto, akakaa na Mama bila neno. Kila bodaboda ikisimama nje, wote wawili wanageukia mlangoni. Siku ya nne kaka akapiga. Mama sauti haikutoka. Akampa wifi simu, akaenda kutawadha.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo hiyohiyo, ilivamiwa, tukapoteza askari wasiopungua 14 kwa mkupuo, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Wakati ule kaka alikuwa hapa nchini, nami nilisema "maskini" nikaendelea na shughuli zangu. Hilo linaniuma hadi leo.

Hapa kwetu vita ya Novemba 1914 husimuliwa kwa nyuki. Waingereza walishuka na watu kama 8,000, wengi wao Wahindi, wakarudishwa baharini na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na nyuki nao wakaingia vitani. Siku hizi nikisikia kisa hicho nawawaza mama zao. Nani aliwapelekea habari, baada ya miezi mingapi?

Machi 13, 2025 viongozi wa SADC wakaamua kikosi kirudi. Vijana wakatoka kidogo kidogo kwa barabara, kupitia Rwanda. Kaka amekuja likizo juzi. Amekonda. Usiku huamka akatembea uani, na Mama humsikia akanyamaza, asubuhi anamwekea uji mzito kuliko wetu. Akitaka kusema tutamsikiliza, hajataka bado.

Nyumba ya tatu kutoka hapa kuna mama ambaye mwanawe yuko Kongo bado, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kila jioni Mama huenda kukaa naye, redio wameizima. Ameagiza akiamka akute vitumbua vya kwenda navyo, na unga wangu umeshaumuka.