Niliukalia mkono wa kulia, ndipo nikaanza kuimba

Kwa miaka minne kila aliyesikia nyimbo ninazopiga kwa piano alinipa ushauri uleule: ongeza kodi ngumu, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Nikaziongeza, mpaka wimbo niliomtungia marehemu bibi ukasikika kama zoezi la vidole. Ushauri ule bado unaniudhi, maana kodi hazikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa mkono wa kulia. Kila nilichoimba, nao ulikipiga vilevile. Nilijifunza piano muda mrefu kabla sijathubutu kuimba mbele za watu, hivyo vidole vilizoea kuubeba wimbo peke yao. Sauti ilipokuja ikakuta kiti kina mwenyewe. Nikitaka kuchelewesha neno, piano imeshatangulia. Nikitaka kulivuta, piano imeshamaliza.

Jioni moja nikauweka mkono huo chini ya paja, nikaukalia. Nikabaki na wa kushoto tu, noti moja ya besi kila pigo la kwanza. Mwanzoni nilikuwa kama mtu aliyenyang'anywa mkongojo. Mstari wa tatu ukafika, na neno "subiri", ambalo siku zote nililitema haraka, likanyooka lenyewe, likalivuka pigo, likatua pumzi ilipoishia. Nikasimama. Nikalirudia mara tano, mwili ukinisisimka. Wiki tatu nzima nilipitisha kila wimbo katika njia hiyo. Mkono wa kulia uliporudi niliupa kazi moja: kujibu pale ninapovuta pumzi.

Halafu nikahama ngazi ya sauti ya C. Vidole vinaipenda, koo langu haliiwezi. Nilishusha nyimbo hadi A, nusu toni tatu chini, na viitikio vikaacha kuwa makelele. Pedali, ile ya mguu inayorefusha sauti ya piano, nayo iachie kila kodi inapobadilika, la sivyo maneno yanazama.

Aliyenitia moyo ni Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani. Alikuwa anautaka muziki wa klasiki, si kuimba; mwaka 1954, katika baa moja Atlantic City, mwenye baa alimwambia aimbe au kazi hana. Msikilize: vidole vyake vinazungumza na sauti kwa namna aliyojifunza katika muziki wa Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani, wala haviifuati nyuma nyuma.

Wimbo wa bibi sasa una kodi nne. Nilipomwimbia mama, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hebu anza tena, mwanangu."