Siku moja kazini: ninaijenga bahari ya Ndimari

Saa 11 alfajiri

Ninaandika simulizi za kubuni, na tangu kusi ya mwaka jana kazi yangu kubwa ni bahari moja isiyokuwepo kwenye ramani yoyote. Inaitwa Ndimari. Dunia yake ina miezi miwili: Mwezi Mkuu, unaoandama kila baada ya siku 30, na mdogo wake, Kitinda, unaoandama kila baada ya siku 20. Mimi niko Tanga, mchoraji wetu yuko Mombasa. Kila sura ikikamilika wasomaji wanaipata kwenye simu zao, maandishi na michoro pamoja.

Saa hii, kabla nyumba haijaamka, ndiyo ya kutunga. Leo niko kwenye sura ambayo mashua inatoka Kisiwa cha Uvumba kwenda kuvua Kilindi cha Wazee, mahali panapopotelea vyombo. Mawimbi ninayo, mikondo ninayo, woga wa mabaharia ninao. Ninachokitafuta ni sababu. Mtu mwenye mke na watoto, ambaye kaka yake aliingia Kilindi cha Wazee asirudi, usiku huo anasukuma chombo majini kwa nini?

Bahari nyingi za kubuni nilizozisoma hukwama hapahapa. Baharia hupewa hazina ya kutafuta au kiapo cha kutimiza, safari ikaanza. Kwetu pwani watu hawaingii majini kwa viapo. Wanaingia kutafuta kitoweo na ada ya shule, na hatari ya bahari inauma kwa sababu hiyo. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu, nikaacha nafasi wazi palipostahili sababu, nikavaa viatu.

Saa 1 asubuhi

Sahare. Mwezi ulijaa juzi, kwa hiyo leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, na boti za dagaa zimelala mchangani. Mbalamwezi na dagaa haviendi pamoja. Taa ya mvuvi huwakusanya samaki kukiwa na giza. Bahari yote ikiwa na mwanga, taa haina kazi. Kwa hiyo siku hizi wavuvi wa taa wako nchi kavu, wanashona nyavu, na mwandishi akifika anapata wa kuzungumza naye.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Bahari yako haijambo?"

Huyu mzee alikuwa nahodha kabla sijazaliwa, na Ndimari anaifahamu tangu ilipokuwa visiwa viwili tu. Nikaketi kwenye ukingo wa mashua nikamwuliza swali langu la alfajiri. Hakunijibu. Aliendelea kupitisha sindano kwenye jicho la wavu, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniuliza yeye.

"Hao watu wako wenye miezi miwili, giza wanalipata lini?"

Nilitoa daftari. Mwezi Mkuu ukiwa haupo, mara nyingi Kitinda yupo. Kitinda akiwa hayupo, Mkuu unawaka. Usiku mzima ambao yote miwili haionekani huja mara moja tu kila baada ya siku 60. Kisha nikaona la pili, nikahisi mikono inanitetemeka. Mwezi usipoonekana ni kwa sababu uko upande mmoja na jua. Miezi miwili na jua zikiwa upande mmoja, zote zinavuta maji pamoja, na hapo ndipo bamvua huwa kubwa kupita zote. Giza la kuvulia na maji ya kuulia yanakuja usiku mmoja.

Nilipomsomea, mzee aliweka wavu chini.

"Basi watakwenda," akasema. "Mtu amengoja siku 60. Utamwambia angoje tena?"

Sababu yangu ndiyo hiyo. Hakuna hazina wala kiapo. Ni taa, dagaa, na usiku mmoja. Nikamshukuru, akaniagiza nisisahau kuwapa hao watu mafuta ya taa ya kutosha.

Saa 4 na nusu asubuhi

Maji yametoka kabisa. Siku za bamvua huku kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na sasa hivi pwani imekuwa uwanja: kina mama wanaokota chaza, vijana wanachokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba. Nimekuja na saa na kijiti chenye alama. Ninachokitaka ni mwendo wa maji yanaporudi, kwa sababu wageni wa pwani huzama hapo. Maji hayapandi kwa kasi moja. Saa ya kwanza yanajisogeza taratibu, mtu anaona ana muda. Saa ya tatu na ya nne yanakuja kwa nguvu, na robo ya kimo chote hupanda ndani ya saa moja.

Katika Ndimari bamvua kuu nimeipa mita 11. Kuna atakayesema nimezidisha, lakini Ghuba ya Fundy kule Canada maji hupanda hadi mita 16. Kwa mita 11, zile saa za katikati maji yatapanda karibu mita 3 kila saa. Mama aliyetoka mbali na kapu la chaza kichwani, mtoto mgongoni, ana muda gani? Nimepiga hesabu nikiwa nimesimama palepale, na nimeandika kuwa kila kijiji cha Uvumba kina mpiga mbiu anayekaa juu ya mnara tangu maji yanapoanza kugeuka. Kazi hiyo hupewa mjane ambaye bahari ilimchukulia mtu. Hapitiwi na usingizi.

Saa 7 mchana

Wali, changu wa kupaka, swala, na nusu saa ya kulala. Jua la saa hizi haliandikiki.

Saa 8 na nusu mchana

Mchana huwa nasoma, na kwa kazi hii mwezi ninaourudia kuliko yote ni Januari 1995.

Tarehe 1 ya mwezi huo, kwenye jukwaa la gesi la Draupner katika Bahari ya Kaskazini, mbali na pwani ya Norway, chombo cha kupimia kiliandika wimbi moja la mita 25.6. Mawimbi makubwa ya siku ile yalikuwa ya kama mita 12. Wimbi hilo moja lilisimama zaidi ya mara mbili ya wenzake, likapita. Mabaharia walikuwa wakisimulia mawimbi ya aina hiyo tangu zamani, na wenye vitabu waliyahesabu kuwa chumvi za watu waliotoka safari ndefu. Siku ile kipimo kiliwasemea.

Tarehe 25 ya mwezi huohuo, meli ya mizigo ya Uingereza iitwayo Lima ilikuwa ikipita mashariki ya Somalia usiku, yaani maji yanayoungana na haya yetu. Mabaharia wakaona weupe mbele yao. Wakaingia ndani yake, na kwa saa kadhaa bahari nzima iliwaka mwanga mweupe uliotulia, kana kwamba wanapita juu ya theluji. Miaka 10 baadaye wanasayansi walizitafuta picha za setilaiti za siku zile wakauona mwanga wenyewe: eneo la kilomita za mraba 15,400 hivi, Unguja tisa zikitandazwa, likiwaka usiku tatu mfululizo. Maelezo yanayokubalika ni bakteria wanaotoa mwanga wakiwa wengi mno mahali pamoja.

Mwezi mmoja, mambo mawili, na mara zote mbili aliyesema kweli ni yule aliyekuwepo. Ninaiandika Ndimari kwa kuwaamini manahodha kwanza. Nahodha wa Uvumba anaposema ameona kitu, mwandishi hamcheki, na msomaji sitaki amcheke.

Ule mwanga mweupe nimeuchukua. Nilikuwa nao tangu zamani kama pambo, leo nimeupatia mahali pake. Fikiria: umengoja siku 60. Giza limekuja. Umepita Mlango wa Mahuru, njia nyembamba yenye mkondo mkali, kwa roho mkononi. Umewasha taa. Halafu bahari yenyewe inaanza kung'aa kutoka chini, nyeupe, upeo hadi upeo, na taa yako haiiti tena samaki yeyote. Huko Ndimari huita usiku huo Maziwa, na nahodha anaweza kulia mbele ya vijana wake pasipo aibu.

Kabla sijaendelea kuna karatasi ninayoijaza kila chombo changu kinapokaribia kuzama. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikienda Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia walikufa. Mtu wa pwani aliyeuishi mwezi ule hawezi kuandika kuzama kwa meli kama kishindo cha kunogesha sura. Kwa hiyo kila chombo kinachopotea Ndimari, naandika majina ya wote waliomo, na wanaowangoja nyumbani, hata kama msomaji atawajua watatu tu. Mashua ya sura hii ina watu sita. Nimeandika sita, na mama wa mdogo wao nimempa ukurasa mzima ambao hautachapishwa.

Saa 11 jioni

Simu na mchoraji. Tumeanza na Mlango wa Mahuru, ambao mfano wake ni Saltstraumen, Norway. Pale maji ya bahari hupita kwenye mlango wenye upana wa mita 150 hivi na urefu wa kilomita 3, kujaza na kumwaga ghuba iliyo nyuma yake. Ndani na nje maji hayalingani kimo, na tofauti hiyo inasukuma mkondo mkali unaozaa vizingia, maji yanayojisokota na kufukua shimo katikati. Lakini mkondo hubadili mwelekeo kila baada ya saa sita, na unapogeuka kuna muda mfupi maji yanatulia. Vyombo hupita hapo. Nimemwambia achore foleni: mashua zote za kisiwa zimekusanyika omo kwa tezi nje ya mlango, hakuna anayezungumza, wanangoja maji yatulie. Chombo cha mwisho katika foleni ndicho msomaji atakachokitazama.

Ubishi ulikuja tulipofika Kilindi cha Wazee. Nyavu zinazoshushwa huko hurudi zimefungwa mafundo ambayo hakuna mvuvi anayefunga. Nyavu hazichanwi, hazikatwi, na mafundo yamefungwa kwa uangalifu.

"Dada, wasomaji watataka kumwona anayefunga," mchoraji akasema. Ameshamchora, tena vizuri: macho mengi, mikono mirefu.

"Nahodha amemwona?"

"Bado."

"Basi na wao bado."

Nikamkumbusha silikanti. Wanasayansi waliamini samaki huyo alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na hapa kwetu, kuanzia 2003, wavuvi wakaanza kumtoa kwenye jarife zinazotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa, hadi Tanga ikapata hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Samaki mwenye urefu unaoweza kufika mita 2, nje ya mji wenye bandari, reli na shule. Hakujificha. Alikuwa anaishi kwake, kilindini. Nataka yule wa Ndimari awe hivyo. Asiwe na hasira na watu, asingojee mashujaa. Anafunga mafundo kwa sababu zake.

Mchoraji alikaa kimya, kisha akasema atachora mikono ya wavuvi wakijaribu kulifungua fundo, na uso wa kila mmoja. Hilo ni bora kuliko nililokuwa nalo kichwani, na nimemwambia hivyo.

Saa 2 usiku

Nimekula, nimeoga, nimerudi mezani. Ile nafasi niliyoiacha wazi alfajiri sasa inajaa yenyewe. Hiki ni kipande cha usiku huu:

*"Baba, tumepita mlango?"*

*"Tumepita."*

*"Mbona hushangilii?"*

*Baba hakujibu. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ingawa maji yalikuwa yametulia na mkono mmoja ungetosha. Nyuma yao mashua zilikuwa zikihesabiana kwa filimbi, kila moja mlio wake, na alikuwa akingoja mlio wa ndugu yake mdogo, aliyekuwa chombo cha mwisho. Mkondo ulikuwa umeshaanza kugeuka. Aliwasikia thelathini na nane. Alisubiri. Kisha akamwambia kijana, kwa sauti ileile ya kumwambia ashushe tanga, "Washa taa. Tumekuja kuvua."*

Nimeisoma kwa sauti mara kadhaa, kwa sababu wengi wa wasomaji wetu huwasomea wengine. Neno likikwama mdomoni naliondoa. Nimeongeza mafuta ya taa, madebe mawili kila mashua, kama nilivyoagizwa.

Saa 4 usiku

Nimetuma. Mchoraji amejibu kwa ujumbe wa sauti, anauliza juu ya mchoro wa Maziwa: bahari ikishakuwa nyeupe, taa za mashua zizimwe au ziendelee kuwaka? Nimemwandikia aziache ziwake zote thelathini na nane, na chini yake asichore samaki hata mmoja.